Kunyamazisha ao kuponya? Fundisho la bwati ya vitesi yenye kuzeeka

Katika kijitabu hiki tumezoea kuongea juu ya ndoa, matanga, majina na kiti cha mukubwa wa ukoo. Mara hii tunaomba ruhusa ya kuingia garaji. Tutaongea juu ya bwati ya vitesi ya motokari ya zamani, tena motokari ya kujifurahisha, ile ya viti viwili tu, yenye haiwezi kubeba hata mifuko miwili ya makala. Wengine watacheka. Watauliza: mila iko wapi mule? Tunajibu: mila haikai ndani ya ngoma na vinyago tu. Iko pia katika namna mutu anatendea kitu chenye kuchakaa, na katika neno lenye anamuambia mwenzake juu ya kitu kile.

Swali letu ni moja. Kitu kikilia, ao mutu akilia, na sisi tukafanya asilie tena, tumemuponya? Ao tumemunyamazisha tu? Wazee walituachia methali: mficha ugonjwa, kilio kitamufichua. Lakini methali haituambie namna ya kutofautisha dawa na kifuniko. Bwati ya zamani inaweza kutusaidia, kwa sababu chuma hakijui kutupendeza.

1. Motokari yenyewe

Tuchukue mufano wenye kujulikana: MGB ya Uingereza. Ilitengenezwa katika muji wa Abingdon tangu 1962 mpaka 1980, na zaidi ya 500,000 zilitoka kiwandani. Haikuwa ya matajiri wakubwa. Hata watu wa mushahara wa katikati waliweza kuinunua. Leo, hata ile ya mwisho imepita miaka 40. Lakini nyingi zingali zinatembea, kwa sababu vipande vyake vinaendelea kuuzwa, na kwa sababu wenyewe wanazitunza kwa mikono yao.

Kwa nini hatukuchukua kamyo ya kwetu? Tungeweza. Fundi wa Lubumbashi ao wa Bukavu anajua bwati ya Land Cruiser vile anajua mufuko wake. Lakini mwenye kamyo iko na sababu ya haraka: watoto wanangojea chakula, bidhaa zinaoza njiani. Akitia kiraka, nani atamuhukumu mbio? Mwenye MGB hana sababu ile. Motokari yake hailishi nyumba. Anaitunza kwa sababu anaipenda. Kwa hiyo akidanganya, hawezi kusingizia njaa. Na akitenda haki, hatutasema ni juu ya faida. Swali linabaki uchi. Tukilielewa pale, njo tutalirudisha kwetu, kule njaa iko.

2. Pete ya katikati

Ndani ya bwati kuna mapinyo, ni kusema magurudumu ya meno, na yanazunguka kila moja kwa mbio yake. Kubadilisha vitesi ni kuunganisha vitu viwili vyenye havitembei mwendo mumoja. Zamani dereva alifanya kazi ile yote kwa sikio na muguu. Halafu, mwaka wa 1928, kampuni ya Cadillac ya Marekani ilileta sinkro. Sinkro ni pete ndogo. Inatangulia mbele ya meno, inagusa shingo ya pinyo, inaisugua mpaka mbio za pande mbili zinakuwa sawa. Njo meno yanaingia pasipo ugomvi. Katika MGB za kwanza, vitesi ya kwanza haikuwa na pete ile. Iliipata mwaka wa 1967.

Mara mingi pete ile inatengenezwa kwa shaba yenye kuchanganywa na madini mengine. Watu wa Katanga ya zamani, jimbo lenye liliitwa Shaba wakati wa Zaire, wanaijua shaba. Wazee waliiita mukuba. Waliiyeyusha, wakatengeneza misalaba, na katika makaburi ya Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, misalaba ile ilikutwa pamoja na wafu. Shaba ni laini kupita chuma kigumu cha mapinyo. Wenye kuchora mashini waliichagua kusudi. Walijua kwamba pahali vitu viwili vigumu vinakutana, lazima kimoja kikubali kuisha. Basi wakaona afazali iishe pete ndogo kuliko pinyo lenye bei kali.

Ndani ya pete kuna mitaro miembamba. Kazi yake ni kufuta mafuta, kusudi pete ishike vizuri. Miaka inapita, mitaro inaisha, mafuta hayafutiki tena, pete inateleza, na meno yanakutana pasipo mupatanishi. Ndiyo ile sauti ya krrr yenye inamufanya abiria ageuke kumutazama dereva.

Tunamuomba musomaji ashike picha hii, maana tutairudilia: mupatanishi ni laini, na ndiye anaisha wa kwanza.

3. Kusikiliza mbele ya kushitaki

Fundi mwenye akili hafungui bwati siku ya kwanza. Anauliza. Kelele inakuja wakati gani? Kama motokari imesimama, injini inazunguka, hakuna vitesi, na sauti inapotea mara moja ukikanyaga pedali ya ambreyaji, basi kuna rulema yenye imechoka ndani, ile pete yenye vigololi. Kama krrr inakuja kwenye vitesi moja tu, na hasa ya pili, utafikiri pete. Kama vitesi inaruka yenyewe ukiachilia mafuta, utatazama meno, resori ndogo zenye kuishika, na uma wenye kuisukuma. Lakini kama kila vitesi inagoma, na ile ya kurudi nyuma ndiyo inapiga kelele kupita zote, pengine bwati haina kosa lolote. Ni ambreyaji haiachilie vizuri. Kwenye MGB pedali ile inasukuma mafuta ndani ya pompi mbili ndogo. Pompi ikivuja, ao hewa ikiingia, bwati inaanza kulia juu ya kosa la jirani.

Kisha fundi anamwaga mafuta yangali moto, anayatazama juu ya kitambaa safi, anapitisha sumaku. Unga laini wa chuma wenye kushikamana na sumaku, ule ni uzee. Kipande cha jino, ule ni ugonjwa. Vumbi yenye kungaa sawa zahabu, na sumaku haiishiki, ile ni shaba ya pete: mupatanishi anaondoka kidogo kidogo.

Hii kazi ya kuuliza ndiyo kazi ya barza, kama ni barza ya kweli. Wazee hawaanze na hukumu. Wanauliza ugomvi ulianza wakati gani, nani alikuwa pale, na nani alinyamaza. Wanajua kwamba mara mingi mwenye kupiga kelele sio mwenye kosa. Mutoto anagoma masomo: kabla ya kumuchapa, tazama kama kuna kitu nyumbani hakimuachilie. Kuponya kunaanza na kusikiliza. Kunyamazisha hakuhitaji kusikiliza; kunahitaji nguvu tu.

4. Kuishi na uzee

Lakini tusifikiri kwamba kila uzee unaomba kufunguliwa. Kuna motokari zenye zinajulikana juu ya tabia yao. Alfa Romeo za miaka ya 1960 zilikuwa na vitesi ya pili yenye kugoma asubuhi, mafuta yangali baridi. Wenyewe wanajua. Wanatembea pole dakika za kwanza, wengine wanapita toka ya kwanza mpaka ya tatu, na bwati ikipata joto, ya pili inaingia pasipo shida. Dereva wa zamani anajua pia kukanyaga mara mbili: anakanyaga ambreyaji, anaacha bwati pasipo vitesi, anaachilia pedali, anaongeza mafuta kidogo, anakanyaga tena, njo anaingiza ile ya chini. Kazi yenye pete haiwezi tena, muguu wake unaifanya. Anajua pia kutoegemeza mukono juu ya levye njia yote, kwa sababu ule uzito mudogo unasukuma uma juu ya kitu chenye kuzunguka, na unaumaliza.

Tena kuna mambo ya mafuta. Muuzaji atakuonyesha mafuta ya bei kali, yenye maandiko GL-5, atasema haya ndiyo ya nguvu. Ni kweli ni ya nguvu, kwa mapinyo ya nyuma yenye kubeba uzito. Lakini dawa yenye wanatia mule mara mingi inakula shaba, na utelezi wake unazuia pete isishike. Kwa bwati nyingi za zamani wanashauri GL-4. MGB yenyewe haiombi hata ile: inaomba mafuta ya injini, 20W50. Dawa kali sio dawa ya wote. Wazazi wenye wanampa muzee wa miaka 80 chakula cha kijana, kisha wanashangaa tumbo linamuuma, wamefanya kosa lile lile.

Je, huku kuishi pole na uzee ni kunyamazisha? Hapana. Kelele inapunguka kwa sababu kile chenye kuileta kimepunguka. Dereva amejibadilisha yeye, kusudi kitu kisiumie. Hii ndiyo heshima. Hatumuheshimu mukongwe kwa kumusifu tu. Tunamuheshimu kwa kupunguza mwendo wetu tukitembea naye.

5. Unga wa mbao

Tunafika sasa pahali pagumu. Kufungua bwati ya MGB ni kazi kubwa. Kwa kawaida injini na bwati vinatoka pamoja, kisha vinatenganishwa juu ya meza, shimoni kwa shimoni, nafasi zinapimwa kwa sehemu ndogo za milimetre. Bei inaweza kupita furaha ya mwenye motokari. Hapo njo mujaribu anakuja, na maneno yake ni mepesi: «Patron, ya nini kujisumbua? Tia mafuta mazito, uuze.»

Kuna hila ya zamani kupita ile. Wauzaji wabaya wa motokari, Ulaya na Marekani, walijulikana kutia unga wa mbao ndani ya bwati. Unga unalowa mafuta, unaingia katikati ya meno, unameza sauti. Mununuzi anapanda, anazunguka kidogo, anasikia utulivu, analipa. Siku zinapita, unga unasagika, njia za mafuta zinaziba, na kelele inarudi kwa nguvu kupita ya kwanza. Sasa hata kile chenye kingeweza kuponywa kimekufa.

Wenye kusoma humanités ya Kilatini watakumbuka kwamba swali hili lina uzee. Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu, cha mwaka wa 44 mbele ya Kristu, anaeleza mabishano ya walimu wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater wa Tarso. Mutu anauza nyumba yenye kasoro zenye yeye peke yake anazijua. Diogenes anasema: asidanganye, atimize sheria, lakini halazimishwi kusema yote, kunyamaza sio kuficha. Antipater anasema: hapana, mununuzi ni ndugu katika ubinadamu, lazima ajue kile muuzaji anajua. Cicero anasimama upande wa Antipater. Kwetu pia sheria haikunyamaza: dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano inamutaka muuzaji ajibu juu ya kasoro zenye kufichika.

Lakini sheria inafika kisha mambo kuharibika. Sisi tunatafuta kile kinapaswa kuzuia mukono mbele ya kufungua kile kifuniko.

6. Mabishano

Wa kwanza atasema: mununuzi iko na macho, alete fundi wake. Tunajibu: ndiyo, na afanye vile. Lakini unga wa mbao umewekwa kusudi fundi wake asisikie. Huwezi kumuambia mutu «sikiliza mwenyewe» na wakati ule ule ukamuziba masikio.

Wa pili atasema: ninyi munaongea juu ya watu wa MGB. Kwetu mutu anauza taxi yake kwa sababu mutoto amelazwa na hospitali inadai. Akisema ukweli, bei inaanguka nusu. Mutamuambia nini? Hili ni bishano kubwa, na hatutalijibu kwa hotuba. Tunasema hivi tu: mwenye kununua taxi ile naye iko na mutoto. Pengine amekopa. Tukiificha kasoro, hatujaondoa taabu duniani. Tumeihamisha toka nyumba moja mpaka nyumba ingine, tena imeongezeka njiani, kwa sababu bwati itakufa kabisa. Ukoo wenye kumusaidia wa kwanza kulipa hospitali unafanya kazi ya mila. Ukoo wenye kumusifu kwa ujanja wake umekimbia kazi ile.

Wa tatu anabisha kwa akili zaidi. Anasema: mafuta mazito sio uongo kila mara. Kuna wakati bwati imechoka, pesa haijaenea, na mafuta mazito kidogo yanasaidia kupita miezi sita. Munakataza hata ile? Hapana, hatuikatazi. Na hapa tunaona jambo lenye lilitufanya tuandike kurasa hizi. Mafuta ni yale yale. Chupa ni ile ile, mukono ni ule ule. Mwenye kuyatia akijua kwamba ni ya kungojea, akaandika katika daftari, akaweka pesa pembeni, akamuambia wazi mwenye atapanda, huyu anatunza. Mwenye kuyatia kusudi mwingine asijue, huyu anaiba. Tofauti haiko ndani ya dawa. Iko katika nani anajua, na katika nini itafuata.

Basi tunaweza kupata kipimo, na ni chepesi. Kisha kelele kuisha, jiulize maswali mawili. Mwenye kuumia na mwenye kulipa, wanajua ukweli wenye mimi ninajua? Ule ukimya, unatupa nafasi ya kuponya, ao unatuondolea sababu ya kuponya? Kama jibu ni zuri mara mbili, ni dawa. Kama hapana, ni unga wa mbao.

7. Turudi nyumbani

Tulisema swali litarudi kwetu. Limefika. Mume amekufa, ndugu zake wanachukua nyumba, masahani, mashine ya kushona. Mujane analia. Watu wanamuzunguka: nyamaza mama, usilete haya, utatupatisha mabaya, tutaongea kisha matanga. Anaweza kuwa na haki ya kungojea. Matanga sio siku ya kugawanya mali. Lakini tutumie kipimo chetu. Anajua siku gani wataongea, na nani atasimama upande wake? Ao «kisha matanga» ni maneno ya kumungojesha mpaka achoke? Mara ngapi tumesema ukoo fulani uko na amani, kumbe uko na unga wa mbao katikati ya meno yake?

Wengine wanatetea ukimya ule kwa jina la mila. Tunakataa. Mila ya wazee haikuwa kufunika. Walikaa chini ya muti siku nzima, siku mbili, kila mutu akamwaga kile kiko ndani. Ukimya wenye kufuata maneno yale ulikuwa ukimya wa kushiba. Ukimya wetu wa leo, mara mingi, ni wa kuogopa. Mutu akisimama mulangoni hawezi kuona tofauti, sawa vile mununuzi hawezi kuisikia kwa kuzunguka kidogo.

Na ile pete laini? Kila ukoo iko nayo. Mara mingi ni shangazi, ao dada mukubwa, ao mwalimu moja mwenye watu wanapenda. Pande mbili zikikasirika, wanamutuma yeye katikati. Anasugua huku, anasugua kule, mpaka mbio zinalingana, na watu wanasema: unaona, hapakuwa na shida. Hakuna mwenye kutazama mitaro yake. Hakuna mwenye kumuuliza: shangazi, wewe unalala? Siku moja anachoka, ao anahama, ao anakufa, na chuma kinakutana na chuma. Pale watu wanashangaa ukoo wao umebadilika. Haukubadilika. Mupatanishi wake ameisha, na hakuna mwenye alifikiri kufundisha mwingine, ao kumupunguzia kazi kwa kukanyaga mara mbili: ni kusema, kila upande upunguze mbio yake wenyewe mbele ya kumuita.

Wenye kutunza MGB wanajua mambo haya kwa pete ya shaba. Wanamwaga mafuta, wanatafuta ile vumbi ya zahabu, wanaagiza pete mupya mbele ya pinyo kuharibika. Kama wanaweza kufanya vile kwa kitu chenye hakilishi hata mutu moja, sisi tuko na wajibu gani kwa watu wenye kushikilia nyumba zetu? Tunapendekeza kwamba katika mikutano ya ukoo, mbele ya kufunga kikao, musimamizi aulize kwa sauti: ni nani amechoka kwa ajili yetu mwaka huu? Na wangojee jibu, hata kama litapiga kelele.